Ukitaka Kuijua Kitui na Makueni, Agiza Muthokoi

Wako watu waliopita Emali, Makindu na Kibwezi mara nyingi maishani mwao bila kuonja chakula cha wenyeji. Basi linasimama, abiria wanashuka, kila mmoja anaagiza chipsi na soda, kisha safari ya Mombasa inaendelea. Wakifika huko husifu biriani na samaki wa kupaka. Ukambani kwao ni vumbi, mibuyu na machungwa yanayouzwa dirishani mwa gari.

Mimi nilizaliwa Kitui nikaolewa Makueni, na miaka yangu ya kazi niliitumia kufundisha upishi na lishe katika shule za sekondari za kaunti hizi mbili. Abiria huyo ningependa kumketisha mezani nimpakulie. Chakula chetu kina mengi ya kumfundisha, kwa sababu kila mlo wa Kikamba ulibuniwa na watu waliojua kwamba mvua inaweza kukosa kuja, nao wakakusudia kwamba hata ikikosa, watoto watakula na kushiba.

Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni ni nchi kavu. Tuna misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, ambayo kwetu hayaaminiki sana, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo tegemeo la mkulima. Mvua ya vuli ikishika, ghala hujaa. Ikipita juu kwa juu, ndipo hutambulika nani alipanda nini, na nani alijua kukihifadhi. Kwa hiyo ninapokutajia vyakula hivi na mahali pa kuvila, nitakueleza pia kwa nini vipo.

Kinu kabla ya chungu

Tuanze na muthokoi, maana huo ndio mlo ambao Mkamba aliye Nairobi, Dubai au Boston huuota akiwa na njaa. Ni mahindi makavu yaliyokobolewa ganda la nje, yakapikwa pamoja na kunde, mbaazi au maharagwe.

Susu, nyanya yangu mzaa mama, alinifundisha kuutengeneza kwa kinu na mchi. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilegee, halafu hutiwa kinuni. Mchi haushushwi kwa nguvu ya kuvunja. Unashushwa kwa mapigo ya wastani, punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe hadi ganda libanduke na punje ibaki nzima, nyeupe. Kisha ungo: pumba zinapeperushwa pembeni na kuku wanazikimbilia, muthokoi unabaki katikati. Unaanikwa juani hadi ukauke kabisa, ndipo unawekwa akiba. Siku hizi mashine za kukoboa zipo karibu kila soko na kazi ya asubuhi nzima imekuwa ya dakika chache, lakini kanuni haijabadilika: ganda litoke, punje isivunjike.

Faida yake anaijua kila anayetafuta kuni katika nchi ya miti michache. Mahindi mazima yaliyopikwa na maharagwe, ambayo sisi huyaita isyo na Wakikuyu huyaita githeri, hukaa motoni muda mrefu zaidi na bado hutaka meno ya kijana. Muthokoi huiva mapema, hulainika, na mzee asiye na meno huula pamoja na mjukuu wake bila kupikiwa kando.

Namna ya kuupika ni hii. Kunde au mbaazi hutangulia chunguni na kuchemka kiasi, kisha muthokoi uliooshwa hufuata, na vyote huachwa vitokote pamoja kwa saa mbili au tatu kwa moto wa taratibu. Usiumwagie maji mengi kwa mara moja; ongeza kidogo kidogo, ya moto. Ukiona mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila unga wala viazi, na punje ikibonyezwa kwa vidole viwili inasambaratika, umeiva. Hapo ndipo wa leo hukaanga kitunguu na nyanya, akamimina humo. Wa zamani aliongeza samli au malai ya maziwa, akapakua katika nzele, bakuli la kibuyu. Mimi naupenda wa namna ya pili, ila nikiwa na wageni huweka sufuria zote mbili mezani wachague.

Muthokoi una jamaa zake mbali. Waxhosa wa Afrika Kusini wana umngqusho, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mkamba akiuonja atadhani amefika nyumbani. Mexico, asili ya mahindi yenyewe, ganda huondolewa kwa kuyachemsha na chokaa. Watu watatu wasiojuana, kila mmoja aliona kwamba punje ya mahindi ina koti linalostahili kuvuliwa kabla ya kupikwa.

Nami nina sababu nyingine ya kuuheshimu utaalamu huu, na ni sababu ya huzuni. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri yaliota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Mlipuko huo uliikumba zaidi Makueni na Kitui. Watu 317 waliripotiwa kuugua, na 125 wakafariki. Hakuna mwalimu wa lishe wa kaunti hizi aliyeendelea kufundisha kama zamani baada ya mwaka huo. Uchunguzi uliofanywa baadaye kuhusu muthokoi ulionyesha kwamba kukoboa mahindi hupunguza sumu hiyo, kwa wastani karibu nusu, kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa katika ganda na kiini. Kupunguza si kuondoa. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai mtu wala kuku, hata yakikobolewa mara kumi. Lakini nilipoyasoma matokeo hayo nilimfikiria susu na ungo wake, nikaona kwamba mikono yake ilikuwa inatukinga na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipa jina.

Mahali pa kuula muthokoi ni hoteli ndogo zilizo karibu na soko, Wote mjini na Kitui mjini, zile zenye mabenchi ya mbao na menyu iliyoandikwa kwa chaki. Fika saa saba mchana. Ukichelewa hadi saa nane unusu, madereva, makarani na wachuuzi watakuwa wameumaliza, utabakiziwa wali na kabichi. Omba uwekewe parachichi kando kama ni msimu wake.

Mbaazi, na wali wa bure wa Makindu

Makueni ni nchi ya mbaazi. Mkulima huzipanda katikati ya mistari ya mahindi mvua ya vuli inapoanza. Mahindi ya Katumani, aina iliyopewa jina la kituo cha utafiti kilicho Machakos, huvunwa baada ya miezi mitatu au minne. Mbaazi za kienyeji zinabaki shambani peke yao, mizizi ikichimba chini kutafuta unyevu, hadi zikomae Agosti au Septemba wakati kila kitu kingine kimekauka. Mwezi huo ukipita barabara ya Mombasa utawaona akina mama wameketi chini ya miti, mikono inabambua maganda, na gorogoro imejaa mbaazi mbichi za kijani. Nunua. Mbaazi mbichi huiva haraka, ni tamu kidogo, na zikipikwa na muthokoi mpya au wali, hutahitaji nyama.

Watu wa Pwani wanazijua mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Sisi hatuna minazi, kwa hiyo tunazikaanga kwa kitunguu, nyanya na dania, au tunaziacha na mchuzi wake mwenyewe na chumvi tu. Ukizila kwanza Mombasa kisha Wote, utaona jinsi zao moja linavyovaa nguo za kila mji.

Mbaazi zetu nyingi hazibaki hapa. Huuzwa India, nchi inayozilima na kuzila kuliko zote duniani. Biashara hiyo imejenga nyumba na kulipa karo, lakini pia imetufunza wasiwasi. Agosti 2017, serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei ilianguka Afrika Mashariki nzima, na wakulima wakabaki na magunia. Siku hizo niliwaza: ikiwa hoteli zote kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei zingeweka mbaazi kwenye menyu kila siku, mkulima wa Kathonzweni angekuwa na mnunuzi wa pili aliye karibu, asiyehitaji meli.

Uhusiano wetu na India una mahali pake pa kuketi na kula, tena bila malipo: hekalu la Masingasinga la Makindu. Lilijengwa mwaka 1926, wakati Makindu ilipokuwa kituo muhimu cha reli ya Uganda na Masingasinga wengi walikuwa wakifanya kazi katika reli hiyo. Dini yao inaagiza kwamba kila mtu, wa dini yoyote na hali yoyote, aketi pamoja na wenzake na apewe chakula, na agizo hilo linatekelezwa Makindu mpaka leo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaribishwa. Hakuna nyama, hakuna pombe, hakuna tumbaku. Kuna dengu, mboga, chapati, wali na chai ya maziwa yenye viungo. Anayetaka kutoa sadaka hutoa. Asiye nacho hula na kushukuru. Dereva wa lori, familia iliyotoka harusini, mwanafunzi aliyeishiwa nauli, wote hukaa mstari mmoja.

Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu pale, nao waliona kwa macho yao kwamba dengu iliyotiwa bizari na tangawizi ya Mpunjabi, na mbaazi za chumvi tupu za mama zao, ni ndugu wa ukoo mmoja. Wengi walirudi nyumbani wakajaribu bizari. Mila ya chakula huishi kwa namna hiyo, inapokea na kutoa.

Mbuzi wa Emali

Emali iko mpakani, Wakamba upande mmoja na Wamaasai wa Kajiado upande mwingine. Siku ya mnada wa mifugo, mbuzi, kondoo na ng'ombe hufika kwa miguu na kwa malori, na fimbo za Kimaasai husimama kando ya kofia za wafanyabiashara wa Nairobi. Mji uliojengwa juu ya mnada hauwezi kukosa nyama nzuri. Reli mpya nayo ina kituo hapo. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina safari inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, kwa hiyo hata asiye na gari anaweza kushuka akala.

Utaratibu ni huu. Ingia bucha kwanza, usiende mezani. Mwone mbuzi aliyening'inizwa, chagua sehemu. Mbavu ni za mtu anayependa kutafuna polepole, mguu wa mbele ni laini, mguu wa nyuma una nyama nyingi. Ipimwe mbele yako, lipa kwa kilo, kisha iende kwenye makaa. Subira inatakiwa, si chini ya saa nzima, na wakati huo utaletewa supu ya mifupa yenye pilipili katika kikombe. Nyama huja juu ya ubao, hukatwakatwa mbele yako, chumvi inamwagwa pembeni, kachumbari na ugali vinafuata. Chumvi peke yake inatosha kwa mbuzi wetu. Amekula majani na maganda ya migunga na vichaka vya kila namna, na ladha ya vichaka hivyo imo nyamani. Ukimwogesha kwa viungo umemnyamazisha.

Kwa Mkamba mbuzi ni zaidi ya chakula. Ndoa ya kimila hufungwa kwa ntheo, hafla ya mbuzi wanaopelekwa nyumbani kwa binti, na mahakama za Kenya zimewahi kuamua mashauri ya mirathi kwa kuuliza swali hilo moja: je, ntheo ilifanyika? Mimi nilikula nyama ya ntheo yangu nikiwa binti wa Kitui, na kesho yake nikawa mtu wa Makueni.

Milima ya Kilungu

Walioniita mkaza mwana wanaishi juu, Kilungu, upande wa Nunguni. Mgeni anayedhani Ukambani yote ni jangwa apande huko mwezi wa Julai na sweta. Kuna ukungu asubuhi, kuna migomba, miwa, kahawa, parachichi, na mabondeni kuna nduma. Mama mkwe wangu hakunipa muthokoi siku ya kwanza. Alinipa nduma za kuchemsha na chai, akanipikia ndizi mbichi zilizopondwa na maharagwe. Nilielewa kwamba nimeingia nchi nyingine ndani ya lugha ileile.

Soko la Nunguni lina vibanda vinavyouza nduma moto na viazi vitamu asubuhi na mapema. Vile vile njahi, maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo sisi huyaita nzavi, hupikwa kwa mama aliyejifungua, na hoteli za milimani huyauza na chapati. Ukishuka kutoka hapo hadi Wote, hali ya hewa inabadilika na miti ya matunda inaanza: machungwa, na maembe ya Apple, Kent, Tommy Atkins na Ngowe. Kuanzia Desemba hadi Machi maembe hufurika, bei inashuka, na kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba ili mengine yawe rojo la kutengenezea juisi badala ya kuozea chini ya mti. Embe la Apple lililoivia mtini, likaliwa chini ya mti huo, halihitaji maelezo yangu.

Barabara ya mibuyu

Kutoka Kibwezi kuna barabara ya lami inayovuka mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hadi Kitui mjini. Hiyo ndiyo barabara ninayowashauri wanaopenda chakula waifuate, kwa maana inaunganisha kaunti mbili na inapita katikati ya mibuyu. Mabuyu yamening'inia kama kengele za kanisa, na chini yake watoto wanayapasua kwa jiwe.

Ndani ya buyu mna ungaunga mweupe mkavu, mchachu, wenye vitamini C kwa wingi. Watoto huumumunya, mama huukoroga kwenye uji. Sehemu kubwa ya mavuno hupelekwa Pwani, ambako hupikwa kwa sukari na rangi nyekundu kuwa mabuyu yale yanayouzwa Mombasa na Lamu. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula katika nchi zake, na sasa unapatikana kwenye maduka ya afya huko kwa bei ambayo mama wa Ikutha akiambiwa hushika kifua. Unaweza kuununua kwake mwenyewe, barabarani, kwa shilingi chache. Usimpunguzie bei.

Upande huo pia mikwaju ni mingi. Ukwaju hulowekwa, ukachujwa, maji yake yakatiwa kwenye uji wa mawele au mtama. Uji huo ni mzito, wa rangi ya udongo, una uchachu unaokata kiu, na mtu akiunywa asubuhi anaweza kulima hadi adhuhuri. Mtama na mawele vilikuwa nafaka zetu kabla mahindi hayajatawala mashamba. Hustahimili ukame kuliko mahindi, ila ndege huvipenda, na mtoto aliyekuwa akiwafukuza sasa yuko shuleni, kama inavyostahili. Ndiyo sababu moja mahindi yalishinda. Ukikuta hoteli Mutomo au Kitui inayouza uji wa mtama kwa kikombe, kunywa viwili.

Ndengu za Kitui

Wakamba huipa majina kila njaa kubwa. Ile ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa nikiwa nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi lakini madukani hapakuwa na cha kununua, mpaka mahindi ya manjano yakaletwa kutoka ng'ambo. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo. Mwaitu, mama yangu, alikuwa na kunde na ndengu alizozichanganya na majivu ya kuni ndani ya vibuyu, wadudu wasiziguse, na alizipima kwa kiganja, jioni hadi jioni. Kaka zangu na mimi tuliishi kwa kiganja kile. Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba ndengu ni chakula cha maskini, namwambia kwamba ndengu ni chakula cha watu waliobaki hai.

Ndengu, ambazo Tanzania huitwa choroko na Pwani yetu pojo, ndizo fahari ya Kitui. Baadhi ya aina zake huvunwa baada ya siku 65 hivi, kabla mvua fupi haijakata kabisa. Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wameongeza aina mpya juu ya zile za zamani, N26 na KS20: sasa kuna Biashara, Karembo na Ndengu Tosha. Wakati wa ugavana wa Charity Ngilu, kati ya 2017 na 2022, kaunti iligawa mbegu kwa wakulima wengi ili zao hili liwe la biashara. Baada ya mavuno, Januari na Februari, soko la Kalundu mjini Kitui hujaa magunia yaliyofunguliwa mdomo, ndengu zinang'aa kijani, na gorogoro haipumziki.

Mlo wa kawaida wa Kitui ni ndengu kwa chapati. Usidharau urahisi wake, maana hapo ndipo mpishi mzuri hutambulika. Ndengu zilizochemshwa hadi zipasuke nusu, zikakaangwa kwa kitunguu kilichokaribia rangi ya kahawia, nyanya za kutosha, karoti kidogo na dania mwishoni, hutoa mchuzi mzito unaoshika chapati. Mpishi mwenye haraka hukupa ndengu ngumu zinazoelea majini. Ukiona hivyo, hama kibanda. Asubuhi, wengi hula ndengu hizo na chai ya maziwa kabla ya kazi, na wakati wa mvua, kunde changa zilizochumwa shambani hupikwa kando, zikatiwa malai ya maziwa. Ugali kwa kunde za malai ndiyo karamu niliyopewa nikifaulu mtihani, na sijapata kuona karamu kubwa kuliko hiyo.

Mwingi: kuku na asali

Ukiendelea kaskazini kupitia Kabati na Migwani utafika Mwingi, kwenye barabara kuu ya Garissa. Mabasi ya Garissa, Wajir na Mandera hupita hapo, kwa hiyo mji una hoteli zilizozoea wasafiri wa usiku, na pilau ya mbuzi hupatikana kwa urahisi karibu na ugali.

Lakini cha kuulizia Mwingi ni kuku wa kienyeji. Kuku hawa husafirishwa kwa wingi kwenda Nairobi, wakiwa wamepangwa katika matenga juu ya magari. Waliokula panzi, mchwa na pumba za muthokoi maisha yao yote wana nyama ngumu yenye ladha nzito. Hutaka kuchemshwa kwa muda kwanza, kisha kukaangwa. Agiza mapema, hata kwa simu kama unamfahamu mpishi, kwa kuwa kuku wa kweli hapikwi kwa dakika ishirini.

Na usiondoke bila asali. Wakamba ni wafugaji wa nyuki wa tangu zamani. Magogo yaliyochongwa ndani, tunayoyaita miatu, huning'inizwa juu ya migunga, na maua ya migunga ndiyo huipa asali yetu rangi hafifu na harufu safi. Kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kimefanya kazi na wafugaji wa Mwingi kuboresha mizinga, kuchuja na kufungasha. Barabarani utakutana na chupa nyingi, na baadhi zimechanganywa na sukari. Nunua kwa vyama vya wafugaji au kwenye duka lenye lebo inayoeleza asali imetoka wapi, mlipe mfugaji haki yake.

Uje lini, ule nini

Januari na Februari, njoo kwa ajili ya ndengu mpya na maembe. Mvua inaponyesha, Novemba na Aprili, ni wakati wa kunde changa, majani ya maboga na maziwa mengi. Julai, panda Kilungu kwa nduma. Agosti na Septemba, fuata barabara ya Mombasa kwa mbaazi mbichi. Muthokoi, mbuzi na asali havina msimu. Ukiwa na siku mbili tu, lala Makindu au Kibwezi, kisha uvuke Athi asubuhi uelekee Mutomo na Kitui.

Kwa wenyeji nina ombi moja. Nimekaa katika semina na harusi nyingi za kwetu ambamo meza kuu iliwekewa wali, chipsi na kuku wa kizungu, na muthokoi ukabaki kwenye sufuria ya wapishi huko nyuma, wakila wenyewe kwa furaha. Mwenye hoteli hupika kile kinachoagizwa, na mkulima hupanda kile kinachonunuliwa. Tukiendelea kuagiza chipsi, baada ya miaka michache hatutakuwa na mtu anayejua kupepeta, wala mbegu za mawele, na mvua itakapotupita tena tutashika pesa mikononi kama 1984. Kwa hiyo anayeandaa mkutano Wote, mahafali Kitui au arusi Mwingi, aandike muthokoi juu kabisa ya orodha ya vyakula, aweke mbaazi na ndengu chini yake, na awape wageni wakuu kwanza.